Kilo Saba na Nusu

Mtoto Mwesiga alikuwa ameshafariki na mwili umepoa Inspekta Anatolia alipofika kwenye zahanati ile ya mtu binafsi, kule Isingiro. Mama yake alikuwa bado amembeba mgongoni, hataki ashushwe.

Uchunguzi wa maiti haukuficha kitu: dawa ya sindano ilizidi karibu mara tatu. Nesi Sperancia, aliyemdunga, akatiwa mahabusu Rubwera. Kijijini wakaanza kumwita muuaji, na wengine wakaapa akitoka watamchoma moto.

Sperancia alieleza kwamba dozi hakuikisia. Aliandika uzito kwenye kompyuta, programu ikatoa lebo yenye kipimo cha dawa, naye akaifuata.

Inspekta akamwita Ilyas, kijana aliyeitengeneza programu. Kwenye kompyuta ya zahanati, Ilyas akaandika uzito wa mtoto: 7.5. Lebo ikatoka sawasawa.

"Kompyuta haichoki, afande. Nesi ndiye anayechoka."

Anatolia akaagiza Sperancia aletwe na pingu zake, aketi palepale.

"Anza na mgonjwa aliyetangulia, mwanangu. Kisha mtoto. Andika vilevile ulivyoandika siku ile."

Aliyetangulia alikuwa binti wa kilo 22. Kisha Sperancia akaandika uzito wa mtoto kama akina mama wanavyoutaja pale kwenye mizani: 7 na nusu.

Lebo ikatoka. Dozi ni ileile ya binti.

Kitendawili: nimemuuliza, hajui, lakini kanijibu. Jibu lilikuwa pale mezani, linawaka taa.

"Nieleze," Inspekta akasema.

"Imeshindwa kugeuza maneno kuwa namba," Ilyas akanong'ona. "Ikabaki na namba ya nyuma."

"Haikupaswa kukataa?"

"Ilikuwa inakataa. Ilitoa onyo: andika namba tu."

"Nani aliliondoa hilo onyo?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Siku ya kuionyesha kwa wenye zahanati, lilitokea kila mara. Wakacheka. Wakasema mtoto wa muuza sukari kaleta mashine ya kugombeza watu. Nikaona aibu, afande. Nikaifunga mdomo."

"Ulijua itachukua namba ya mwingine?"

"Nilijua. Nikasema nitarekebisha baadaye."

Pingu zikahama mikono. Sperancia akaambiwa yuko huru, aende kwao. Hakuinuka.

"Nilimshika paja nikaona dogo kwa dozi ile," akasema. "Nikaiamini lebo."