Ungo Nje ya Mlango

Shwaa.

Mara moja tu, kisha kimya. Adriano alifumbua macho gizani akangoja sauti irudi, maana ungo haupepetwi mara moja. Anayepepeta hurusha, hupokea, hurusha tena, mpaka makapi yaishe. Huyu alirusha mara moja akaacha.

"Umesikia?" Hellena, mkewe, alinong'ona, mkono wake ukiwa juu ya mtoto.

"Upepo."

"Upepo gani unaopepeta, baba Happy?"

"Lala."

Asubuhi Hellena alipofungua mlango alikuta makapi ya ulezi kizingitini, mepesi na mekundu, yamelala kwa mstari kama yamepangwa na mkono. Ndani hamkuwa na ulezi. Hamkuwa na ungo pia. Hellena, ambaye alikuwa ametoka Mbeya kuja kuolewa pale Katandala, aliwahi kutaka kununua ungo sokoni, na mumewe alikataa bila kusema sababu. Sasa Adriano alimnyang'anya ufagio akafagia kizingiti mwenyewe, na jambo hilo lilimtisha Hellena kuliko ile sauti.

Adriano alikuwa kiongozi wa kikundi kidogo cha ngoma na nyimbo, na ndiye aliyekuwa akiongoza uimbaji. Zamani waliitwa kwenye sikukuu za serikali, wakaimba, wakala wali, wakarudishwa kwa gari. Sasa milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Ushirika ulikuwa umelala, mahindi ya Ufipa yalinunuliwa na watu binafsi waliokuja na malori yao, na wimbo nao ulikuwa bidhaa kama sabuni. Bwana Shedrack, mnunuzi wa mahindi kutoka Mbeya, aliusikia wimbo wao wa ungo kwenye harusi moja akashindwa kumaliza soda yake. Alitaka auweke kwenye kaseti. Alitaka pia waimbe juu ya lori lake siku ya kufungua kituo chake cha ununuzi kule Laela.

"Mtunzi ni nani?" aliuliza.

"Mimi," Adriano alisema.

Fanueli, mpiga ngoma, alitazama ngozi ya ngoma yake. Rozina, sauti ya pili, alifungua kanga yake kiunoni akaifunga upya. Jina la Adriano likachapwa kwenye karatasi ya kaseti.

Wimbo ule ulikuwa wa mwanamke wa kijiji cha Kasense, mwimbaji wao wa kwanza, aliyewafundisha wote watatu. Alikuwa na desturi moja, na kwake hapakuwa na wimbo bila desturi hiyo. Kabla ya kuimba mbele za watu, iwe harusini au mbele ya mkuu wa mkoa, alitoa ungo wake na konzi ya ulezi, na kila mmoja akapepeta kwa zamu. Makapi yaliporuka, mwenye ungo alitaja jina la aliyempa wimbo. Akishalitaja, ndipo aliruhusiwa kuimba.

"Woga ni makapi," aliwaambia. "Na majivuno ni makapi. Ukipanda jukwaani navyo, vitaimba vyenyewe, wewe utabaki unafungua mdomo tu. Pepeta kwanza. Ukimtaja aliyekupa, unakumbuka kwamba umetumwa, na mtu aliyetumwa hana haja ya kutetemeka."

Siku hizi hawakupepeta. Fanueli alikuwa na chupa ndogo ya konyagi aliyoizungusha kabla ya onyesho. "Ungo wa kisasa," alikuwa akisema, "huu hauna makapi." Walicheka. Tangu mwanamke yule azikwe, jina lake halikuwa limetamkwa kati yao hata mara moja.

Walifanya mazoezi Jumamosi mchana katika darasa moja la shule ya msingi, jua likiwaka nje na baridi ya Juni ikiwa imekaa ndani kama mgeni. Bwana Shedrack alikuja na redio yake ya kaseti, akawarekodi, kisha akarudisha mkanda ili wasikilize.

Ubeti wa kwanza ulikuwa mzuri. Kabla ya ubeti wa pili, mtu alivuta pumzi.

"Nani huyo?" Bwana Shedrack aliuliza. "Dada Rozina, unavuta pumzi kama unataka kuzama mtoni."

"Si mimi," Rozina alisema polepole. "Mimi pale sivuti pumzi. Naungana na ngoma."

Walirudisha mkanda. Ilikuwa pumzi ya mwanamke, ndefu, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni, pumzi ya mtu ambaye kifua kimeanza kumsumbua lakini bado anaupenda ubeti unaokuja. Wote watatu waliifahamu. Waliwahi kuiga pumzi ile walipokuwa wanajifunza, mpaka mwenyewe akawacheka. Na chini yake, kwa mbali, kama nyuma ya mlango uliofungwa, kulikuwa na sauti nyingine.

Shwaa.

"Mkanda mbovu," alisema Fanueli. Hakuitoa chupa yake siku hiyo.

Waliimba tena. Adriano alifungua mdomo kwa ubeti wa kwanza, sauti ikapanda vizuri, na ghafla kitu kikavu kikamshika kooni, akakohoa, akainama, akakohoa tena mpaka machozi yakamtoka, na alipofungua kiganja alichokuwa amezibia mdomo alikuta makapi ya ulezi, mekundu, makavu kabisa, kana kwamba hayakupita kwenye ulimi wa mtu aliye hai. Alifumba kiganja haraka. Lakini Rozina alikuwa ameona.

"Bwana Shedrack," Rozina alisema, "mafua tu. Baridi ya huku leo imetushinda hata sisi tulioizoea."

"Mimi sijali mafua," Bwana Shedrack alisema akifunga redio yake. "Nimetangaza Laela nzima. Msanii, usiponiimbia siku ile, natafuta kwaya. Na karatasi zile za kaseti nitazifanya za kufungia karanga."

Alipoondoka walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na videvu.

"Sauti yangu inaondoka," Adriano alisema. "Nikiukosa wimbo huu sina kazi nyingine duniani. Mnanijua. Hata jembe linanicheka."

"Twende kwa Mama Minza," alisema Rozina.

Mama Minza alikuwa Msukuma, mganga, aliyehamia na mifugo ya mumewe akajenga nje ya Kasense. Kufika kwake kulikuwa na njia mbili, na ile fupi ilipita kwenye makaburi ya kijiji. Walipita ndefu, bila kuelewana kwa maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Huyu wa katikati ananuka ulezi wa kukaanga. Mnapika pombe?"

Aliwakalisha kwenye ngozi ya ng'ombe, akamwaga maji kwenye kibuyu kilichokatwa, akamwambia Adriano apulize. Maji yalitulia. Juu yake yakaelea makapi.

"Ni mzimu wake?" Adriano aliuliza, sauti yake ikiwa ndogo.

"Wa nani?"

Adriano aliyatazama makapi.

"Si mzimu," Mama Minza alisema. "Marehemu wenu amelala, hana shida na nyinyi. Hili ni jini. Nitawaambia linavyofanya. Jina la mtu likiachwa, watu wake wakiogopa kulitamka, linabaki nje kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Jini halina mwili wala sauti. Linapita usiku, linaona nguo haina mwenyewe, linaivaa. Ikishalikaa vizuri linatafuta nyumba ambayo nguo hiyo ilikuwa ikiingia. Sasa linataka na koo la kuimbia." Alimtazama Adriano. "Mimi naweza kulivua. Ila mimi si wa hapa, simjui mtu wenu. Nitajieni jina."

Nje ng'ombe mmoja alilia. Fanueli alijikuna goti. Rozina alianza kulia bila sauti, kanga mdomoni. Adriano aliona jina limekaa kwenye ncha ya ulimi wake, zima, tamu, na aliona pia kila kitu kilichofungwa nyuma yake kama makopo nyuma ya gari la harusi.

"Hatumjui," alisema.

Mama Minza akayamwaga maji.

"Basi mwende salama. Mama mzima nikae hapa nivue nguo za mtu msiyemjua!"

Walipofika barabarani wakirudi, Fanueli alisema chini chini, "Mshikaji, ungesema wewe. Wewe ndiye uliyefunga mlango."

Ni kweli, alikuwa ameufunga yeye. Mwanamke yule alipoanza kukonda, mjini watu walihesabu kwa macho: nani alikula naye, nani alilala naye safarini, nani alinywea kikombe chake. Ugonjwa wenyewe ulikuwa hauna jina midomoni mwa watu, uliitwa "ule". Kikundi kilianza kukosa mialiko. Siku moja ya mazoezi alikuja kama kawaida, gauni limemzidi mabega, ungo kwapani, na Adriano akausukuma mlango wa darasa taratibu mpaka ukafunga, akaweka dawati. Walikaa kimya ndani kama watoto wanaomkwepa mdai. Nje hakubisha. Alisimama, wakaiona miguu yake chini ya mlango, kisha akapepeta.

Shwaa. Mara moja tu. Akaondoka.

Alipofariki, baba yake, mzee Polikarp, aliomba kikundi kije Kasense kumwimbia mwanawe wimbo wake mwenyewe kaburini. Walituma salamu kwamba wako safarini. Siku ya mazishi walijifungia chumbani kwa Fanueli, pazia limeshushwa, wakasikia kengele ya kanisa.

Usiku wa siku ile waliyotoka kwa Mama Minza, Hellena aliketi kitandani akamwambia mumewe, "Leo imeimba."

"Nini?"

"Hiyo inayopepeta. Umelala, mimi nimesikia. Inaimba wimbo wako, baba Happy, inaujua kuliko wewe. Ilikuwa inaimbia hapa." Aligusa shingo ya Adriano kwa kidole. "Ulikuwa umefumba mdomo."

Adriano alitaka kumwambia. Alimtazama mkewe, akamtazama mtoto, akafikiri jinsi Hellena naye angeanza kuhesabu kwa macho. Akageukia ukuta.

Siku ya Laela ilikuwa ya mnada, upepo unavuma kutoka upande wa Tunduma, vumbi na makapi vimetanda juu ya magunia. Lori la Bwana Shedrack liliegeshwa karibu na kituo cha mabasi, ubao wa nyuma umeshushwa kuwa jukwaa. Wakulima walisimama wamejikunyata kwenye makoti ya mitumba. Pembeni walikaa wanawake wenye ulezi, nyungo mapajani, wakisafisha bidhaa zao huku wakitaniana. Hellena alikuwa chini ya lori, mtoto mgongoni.

"Kunywa basi," Fanueli alinong'ona, akimsogezea chupa.

"Haipiti," Adriano alisema.

Ngoma ilianza. Adriano alisogea mbele, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka, hata kikohozi, ila upepo mkavu kidogo wenye harufu ya ulezi wa kukaanga. Watu walingoja. Kijana mmoja akasema, "Huyo ameajiriwa kupiga miayo," na watu wakacheka, na kicheko hicho kikamwingia Adriano kwenye mifupa, na wakati kicheko kikififia alisikia pale pembeni mwanamke mmoja akirusha ungo, shwaa, na wa pili yake akarusha, shwaa, na wa tatu, ambaye alikuwa katikati ya sentensi na jirani yake, akanyamaza akarusha, mpaka nyungo zote za soko zikawa zinaruka na kupokea kwa pigo moja, pigo la wimbo, pigo ambalo Fanueli mwenyewe alikuwa ameacha kulipiga kwa sababu mikono yake ilikuwa imening'inia, na wanawake wale hawakutazama ulezi wao bali walimtazama Adriano, bila kupepesa, midomo yao imefumba, na kutoka ndani ya shingo zao, taratibu, kwa sauti moja isiyokuwa ya hata mmoja wao, ubeti wa kwanza ukaanza kupanda, na mwisho wa mstari ikaja ile pumzi, ndefu, yenye mkwaruzo, na haikutoka kwa wale wanawake, ilitoka kifuani mwa Adriano mwenyewe.

Akashika koo. Lilikuwa linatikisika chini ya vidole vyake kama koo la mtu mwingine.

Chini ya lori Hellena alikuwa amerudi nyuma mpaka kwenye gurudumu. Hakumtazama mumewe usoni. Alimtazama shingoni.

Hapo Adriano akashuka. Alipita katikati ya watu, wakampisha, akamwendea mwanamke wa karibu na kuuchukua ungo wake. Mikono ya mwanamke iliuachia, ikaendelea kurusha hewa. Adriano alirudi akapanda lorini, akasimama pale ambapo kila mtu angemwona, mkewe, Bwana Shedrack, na mzee mmoja mrefu wa Kasense aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake la mahindi, kofia magotini, ambaye Adriano alikuwa amemwona tangu asubuhi na tangu asubuhi alikuwa amemkwepa.

Akarusha. Shwaa. Makapi yakaruka, upepo ukayachukua.

Nyungo zote za soko zikasimama.

"Wimbo huu si wangu," alisema, na sauti ilikuwa mbaya, ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake. "Nilikuwa mwanafunzi. Mwalimu wangu alikuja mlangoni mgonjwa, nikamfungia. Nimekula wimbo wake, na kaburini kwake sijawahi kufika."

Ndani ya kifua chake kitu kilivuta pumzi, tayari kwa ubeti wa pili. Adriano aliivuta pamoja nacho, akaiwahi, akamtazama mzee Polikarp machoni, akarusha ungo mara ya pili kama alivyofundishwa.

"Nilipewa na Bertilla."