Vumbi la Maneno

Kinyoosha ilipokea jumbe elfu nne kwa sekunde kutoka vyombo vya angani, ikasahihisha tahajia na kuzifikisha zinakotakiwa kabla mtu hajapepesa jicho. Kituo cha Lodwar kilijivunia mashine hiyo. Kwa sheria, marubani waliandika Kiingereza, na maneno mengi ya kazi yao Waingereza waliyachukua kwa Wafaransa, yakiwa na herufi tele zisizotamkwa. Rubani akikosea kidogo, Kinyoosha ilirekebisha. Akikosea mno, iliuhesabu ujumbe wote kuwa vumbi, yaani kelele za mionzi, ikautupa ghalani.

Adhuhuri moja, mhandisi Nakiru Ekal alikuwa akikagua ghala hilo alipoona vipande vitatu vimeingia kwa kufuatana kutoka chombo kimoja: "rezavua." "rondevu." "rondevu plizi."

Alivisoma kwa sauti. Rezavua ni tangi la akiba ya hewa. Rondevu ni miadi ya vyombo viwili kukutana angani. Mtu alikuwa akiandika anavyosikia.

Alikimbia kwa mkurugenzi, Bi Kerubo Nyaundi. "Huyu ni Charo Kadenge wa chombo cha Kware. Yuko peke yake na redio ya sauti imekufa tangu jana. Tangi lake la hewa lina shida, anaomba afuatwe."

"Kinyoosha imesema ni vumbi."

"Kinyoosha haipumui, Bi Mkurugenzi."

"Chunga mdomo, Nakiru. Nikirusha chombo cha uokoaji kwa maneno yasiyo na maana, nitaulizwa."

"Basi waambie waniulize mimi."

Akarudi kwenye meza yake, akaizima Kinyoosha kwenye njia ya Kware, akaandika: "Charo, andika Kiswahili. Andika utakavyo, nakusoma."

Jibu lilikuja baada ya sekunde chache. "Asante dada. Hewa ya saa tano imebaki. Naandika tangu alfajiri, nikadhani mmenitupa."

Nakiru alitia muhuri wake mwenyewe kwenye amri ya uokoaji. Charo alipatikana akiwa na hewa ya dakika arobaini.

Wiki iliyofuata Nakiru aliitwa mbele ya kamati kujieleza. Aliingia na bahasha. Alikuwa amelipekua ghala zima, na humo alikuta jumbe sitini na moja za Zawena Mbaruk, mpima miamba aliyefariki angani mwaka uliotangulia. Ripoti ya kituo ilisema Zawena alipatwa na hofu, akakaa kimya, hakuomba msaada. Mama yake, Bi Riziki, aliaminishwa hivyo. Nakiru alikuwa amempigia simu, na sasa mama huyo alikuwa ameketi safu ya nyuma.

Mwenyekiti wa kamati alizipitia karatasi za bahasha ile.

"Haya si maneno," alisema. "Hatuwezi kuyaingiza kwenye kumbukumbu. Yapelekwe kwanza Kinyoosha yasafishwe."

"Hapana."

"Unasema?"

"Nasema hapana, Mheshimiwa. Yalishapita huko mara moja." Nakiru alisimama, akamgeukia Bi Riziki. "Mama, nitayasoma alivyoyaandika mwanao."

Mwenyekiti alimwamuru aketi. Hakuketi. Akainua karatasi ya kwanza na kusoma polepole, kila herufi mahali Zawena alipoiweka:

"Manuva imekataa. Chombo hakigeuki. Mimi Zawena, niko hapa, nisikilizeni."

Kwenye safu ya nyuma Bi Riziki akasimama pia.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Zote sitini na moja."