Nani Anakula Bando la Dufie?

Dufie alikuwa fundi cherehani wa Bantama, mjini Kumasi. Namba yake ya simu ilichorwa mlangoni kwa rangi ya mafuta, miaka kumi na minne iliyopita. Kwa namba hiyo wateja walimtumia picha za mitindo ya nguo za msiba. Picha isipofika, kazi inakwenda kwa fundi mwingine.

Jumatatu alinunua bando la wiki. Jumanne mchana likaisha. Tena!

"Mwizi yumo humu humu uani," alisema kwa sauti, ili mwizi asikie.

Macho yake yalikuwa kwa Frema, mpangaji wa chumba cha pili. Frema aliwahi kuuza laini barabarani, chini ya mwavuli wa kampuni. Mambo ya simu anayajua. Nani mwingine angeweza?

"Dada Dufie, mbona unanitazama kama paka wa jirani?" Frema aliuliza, akitwanga mihogo ya fufu.

"Nani anakula bando langu?"

"Bando ni fufu? Mie nakula kinachotwangwa."

Jumatano Dufie akanunua bando jingine. Safari hii aliifunga simu kwenye pindo la kitenge, akashinda nayo sokoni. Hakuna aliyeigusa, hata yeye mwenyewe. Aliporudi aliitazama. Bando halipo.

Basi si Frema. Akamwendea, shingo upande.

Frema alifungua mipangilio ya simu, penye orodha ya matumizi ya data. "Ona. Ni hili kundi la ukoo wenu. Kila msiba wanatuma video, na simu yako inazipakua bila kukuuliza."

Video mia mbili na kumi! Watu wanacheza mbele ya majeneza. "Huyu marehemu simjui hata kwa sura!"

"Lakini umemzika kwa bando lako."

Frema alizima upakuaji wa video. Akazuia na programu zinazojisasisha zenyewe. "Ukitaka video, bonyeza mwenyewe. Usipotumia intaneti, zima data." Kisha akakunja uso. "Na hii je? Huduma ya Baraka za Asubuhi. Wanakukata salio kila siku."

"Sikuiomba!"

"Wengi hawakuiomba. Tuiondoe."

Dufie aliikumbuka siku kampuni ya laini yake ilipoingia mtaani, na ngoma na fulana za bure. Walisema, "Sisi ni ndugu zenu." Ndugu gani anatia mkono mfukoni mwako kila alfajiri, huku akikutakia baraka?

"Nahama kampuni! Lakini namba yangu? Wateja watanipataje?"

"Unahama nayo. Nenda duka la kampuni mpya na kitambulisho chako. Kwanza toa pesa zote zilizo kwenye simu, na umalize salio. Hivyo haviendi nawe. Namba ya siri usimpe mtu, hata mimi. Na uliza bando linakufa lini. Rahisi linalokufa kesho si rahisi."

Dufie akamkazia macho. "Wanakulipa ngapi kuwasemea?"

"Dada, nimefukuzwa na kampuni zote mbili. Sina ninayempenda."

Ijumaa Dufie alimhoji binti wa dukani kama askari. "Na nyinyi mtaanza lini kuniibia?" Binti alicheka. Dufie hakucheka.

Kwa saa kadhaa simu ilikuwa bubu. Dufie aliitazama ile namba mlangoni. Wameila? Ghafla ikalia.

"Fundi, picha ya gauni imefika?"

"Imefika, mama. Njoo upimwe."

Wiki mbili baadaye nusu ya bando la mwezi ilikuwa bado ipo. Kila Ijumaa Dufie alifungua ile orodha ya matumizi na kuikagua mstari kwa mstari. Hawa nao ni kampuni.

Jumapili alimpelekea Frema bakuli la fufu lenye vipande viwili vya nyama ya mbuzi.

"Viwili! Kwani ulinituhumu mara mbili?"

"Mara tatu," Dufie alisema. "Cha tatu kiko jikoni. Nitakuletea mwezi ukiisha, bando likiwa bado hai."