Namba Tano Alisikia Sawasawa

Kila Jumamosi asubuhi Corinne alikwenda kwa bibi yake, Verna, wakala mkate wa mahindi na kuwasema majirani kidogo. Jumamosi hii alikuja na daftari. Shule ilikuwa imemchagua aandike historia ya polisi wa Kaunti ya Tamsett na kuisoma Jumatatu, siku ya kuadhimisha miaka hamsini.

"Haya, msomi, nisomee," alisema bibi.

Corinne akasoma. Polisi ilianza na askari watano, gari moja na mpokea simu mmoja, Verna mwenyewe. Leo ina askari mia tatu na vituo sita. Kisha akafika kwa Askari Amos Tulley, aliyeitwa Namba Tano redioni, aliyefariki mwaka wa pili.

"'Alisikia vibaya jina la barabara redioni,'" alisoma haraka haraka, "'akaingia Hollis ya Zamani badala ya Hollis, akatumbukia mtoni, maana daraja lilikuwa limebebwa na mafuriko.'"

Bibi akaweka kikombe chini. "Hayo umeyatoa wapi?"

"Kwenye kitabu cha kituo."

"Na karatasi ya simu ya siku ile hukuiona?"

Corinne aliinama. Alikuwa ameiona, imeandikwa kwa mwandiko wa bibi: Hollis ya Zamani. "Niliirudisha chini kabisa ya faili, Bibi. Watu wangekusema."

"Wangesema kweli. Mpiga simu alisema Hollis. Kwa sisi tuliozaliwa kule, Hollis ilikuwa ile ya zamani tu, basi nikamtuma huko. Mkuu wa polisi alinihurumia, kitabu kikaandikwa hivyo, nami nikanyamaza. Tangu hapo kila askari hurudia jina la barabara kabla hajaondoka. Wanaisifu sana kanuni hiyo, ila hawajui ilikotoka." Machozi yalimtoka. "Iandike, mjukuu wangu."

Jumatatu Corinne alisoma yote. Ruth, binti wa Tulley, alikaa mstari wa mbele, nywele zote mvi. Ukafika wakati wa kumwita marehemu redioni mara tatu, kama ilivyo desturi ya polisi. Verna aliomba aite yeye.

"Kaunti inaita Namba Tano." Kimya. Aliita tena. Kimya. Akaita mara ya tatu. "Namba Tano hajibu. Lakini alisikia sawasawa. Aliyekosea ni mimi."

Ruth alisimama. "Mama alikufa akiamini baba alikuwa mzembe. Kwa nini hukumwambia?"

Verna akamwendea. Ruth alimshika mkono, wakalia pamoja, lakini hakusema amemsamehe. Wiki iliyofuata kitabu cha kituo kilisahihishwa.

Jumatatu ile, njiani kurudi nyumbani, Corinne aliuliza kama alifanya vibaya kusoma.

"Hapana," alisema bibi. "Kosa langu lilikuwa la dakika moja. Kunyamaza ndiko kulikochukua miaka arobaini na minane. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyo hiyo, wakati anayestahili kuambiwa bado yupo."