Kiwiko cha Mpiga Muheme

Asubuhi moja ya Juni 1992, kijijini Gulwe, Paulina alianguka kutoka juu ya paa bapa la udongo la nyumba yake ya tembe alipokuwa akianika uwele. Aliangukia kiganja. Kiwiko chake cha kulia kikavimba kama boga changa.

"Umeteguka tu," alisema shemeji yake Batholomeo, akipasha samli. "Nakuvuta mara moja, nakuchua, basi. Mbuzi wangapi nimewanyoosha miguu?"

"Na wangapi uliwanywa mchuzi, shemeji?"

Watu walicheka, lakini Paulina alikuwa na hofu. Sherehe ya mavuno ilikuwa mwishoni mwa Agosti, na yeye ndiye kiongozi wa ngoma ya muheme. Ngoma hiyo hubanwa mapajani na kupigwa kwa viganja viwili. Mkono mmoja hautoshi.

Jirani yao Anastazia, muuguzi wa zahanati, akaingia.

"Mama Elisha," alimwambia Paulina, "nyoosha mkono."

Paulina alijaribu, akashindwa.

"Shemeji, samli hiyo kalie ugali," alisema Anastazia. "Kiwiko kilichovimba hakichuliwi wala hakivutwi. Kama mfupa umepasuka, utausogeza. Macho yetu hayaoni ndani ya nyama. Eksirei inaona."

Akaufunga mkono kwa khanga, akauning'iniza shingoni. Wakaenda hospitali Mpwapwa. Paulina alivaa kitenge kipya.

"Si napigwa picha?"

Halfani, mpiga eksirei, alicheka. "Mama, picha hii haioni kitenge. Inaona mifupa. Una mimba? Mionzi yake si nzuri kwa mtoto aliye tumboni."

"Mimi? Nasubiri mjukuu!"

Halfani akapiga picha ya mbele, kisha ya ubavuni. "Ufa mwembamba hujificha," alieleza. "Usipoonekana huku, utaonekana kule."

Daktari aliinua picha dirishani. Karibu na kiwiko, mfupa mmoja ulikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

"Umepasuka, ila haujahama," alisema. "Ungevutwa, huenda ungehama. Pumzisha mkono kwanza. Maumivu yakipungua, ukunje na kuunyoosha polepole, kama muuguzi atakavyokufundisha, kiungo kisikakamae. Kisha urudi baada ya wiki sita tupige picha nyingine."

Paulina alifuata maagizo. Kila jioni alikunja na kunyoosha mkono, Batholomeo akimhesabia kwa sauti kama mwalimu wa mchakamchaka. Picha ya pili ilionyesha mfupa umeunga.

"Nikapige ngoma?" aliuliza Paulina.

"Kapige," alijibu daktari.

Siku ya mavuno wanawake walipanga ngoma uwanjani.

"Shemeji, kiwiko vipi?" Batholomeo alipaza sauti.

Paulina alibana muheme mapajani. Akaunyoosha mkono wa kulia wote, akaushusha. Ngoma ikalia, na wenzake wakaipokea.