Upondo wa Abdulla

Mwaka ule wa thelathini na tano, Mwingereza akiwa bado anatawala, masika iliilowesha Kariakoo siku tatu bila kupumua. Ndipo gari moja lisilo na milango lilipopita katikati ya soko na kumrushia Hamdiya tope kuanzia buibui mpaka shavuni. Mahamali na wauza mihogo wakageuka, wakingoja atukane.

"Gari lako lina honi kubwa kuliko breki," akasema Hamdiya polepole, anajifuta.

Dereva akashuka. Kijana mrefu, kanzu kaikunjia kiunoni, mikono myeusi kwa grisi. "Nisamehe, bibie. Naitwa Ghanim. Hilo buibui nitalifua mwenyewe."

"Kwa mikono hiyo? Litarudi limechafuka mara mbili."

Kwenye kiti cha pembeni, cha fundi wa gari, kuna mtu amejiinamia, mabega yanatikisika kwa kicheko. Hamdiya akamwangalia vizuri. Ni Abdulla, kaka yake wa tumbo moja, aliyeaga nyumbani kwamba anaenda darasani.

Mapenzi yakaingia hivyo, kwa tope. Kila Ijumaa, baba yao akishaenda msikitini, simu ya dukani kwake, anakobaki Hamdiya, inalia.

"Nauliza bei ya tende," anasema Ghanim, kutoka ofisi moja ya Posta alikoajiriwa udereva.

"Tende kila wiki. Meno yatakung'oka."

"Yakinitoka utanitafunia, kipenzi."

"Shika adabu. Simu ina masikio hii."

Lakini akiweka simu, anacheka peke yake. Wafanyabiashara walikuwa wameandaa mbio za magari, kutoka sokoni mpaka Kimara na kurudi, na njia ilikatiza kijito cha Jangwani. Ghanim alijiandikisha, Abdulla akiwa fundi wake, na gari lao lilikuwa na sheria moja: barabarani anaamua dereva, kwenye maji anaamua fundi. Abdulla anashuka na upondo, ule mti mrefu wa kupimia kina, anatangulia majini. Akiuinua juu, gari linapita. Asipouinua, halitikisiki hata nyuma aje simba.

"Utanirudishia kaka yangu mzima?" Hamdiya aliuliza.

"Mzima, na posa juu yake."

Wiki moja kabla ya mbio, wakiwa mazoezini, Ghanim aliona maji madogo, akakanyaga moto. Abdulla bado yumo ndani. Bampa likampiga goti. Alirudishwa nyumbani kwa mkokoteni, mguu umefungwa.

Ijumaa simu ikalia.

"Hamdiya, mpenzi..."

"Tende zimeisha."

"Nilidhani pamekauka."

"Ulidhani. Aliyekuwa majini ni wewe au yeye? Usinipigie tena."

Akaweka simu. Mkono ukabaki palepale.

Jumamosi, siku ya mbio, Abdulla akachukua upondo, akachechemea kuelekea mlangoni.

"Unamfuata aliyetaka kukuua?"

"Jana alikuja, akaniachia ufunguo. Kasema nisipotaka, gari halitoki. Dada, sasa ndio anaanza kujua kuendesha."

Hamdiya akajitupia buibui, akaenda Jangwani. Watu wamejaa ukingoni, wingu limeshuka mpaka karibu uliguse. Tangu magari yavuke kwenda Kimara, kijito kilikuwa kimevimba, cheusi kama kahawa iliyoungua, kinapita bila sauti. Ule ukimya ndio uliomtisha.

Gari la Ghanim likatokea la kwanza, linarudi kutoka Kimara. Likasimama ukingoni. Abdulla akaingia majini na mguu wake mbovu. Hatua moja. Ya pili. Upondo ukazama mpaka kwenye vidole vyake. Hakuuinua.

"Pita, mwoga wee," watu wakamzomea Ghanim. "Kavae kanga."

Nyuma likaja gari jekundu la Marcelino, dereva aliyesifika mji mzima. Yuko peke yake. Fundi wake kamshusha Kimara kupunguza uzito. Hamdiya akamwangalia Ghanim. Ghanim akaondoa mikono kwenye usukani, akaiweka kichwani, Abdulla aione.

Gari jekundu likawapita, likaingia. Katikati hapakuwa na chini. Likalala ubavu taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani, na honi ikaanza kulia yenyewe ndani ya maji. Abdulla akanyoosha upondo, Ghanim akaruka na kamba kiunoni. Walimtoa Marcelino mzima, anatapika tope. Ushindi hakuna aliyeuulizia tena.

Hamdiya akateremka. Ghanim alikuwa amelowa, tope shavuni. Akamfuta kwa ncha ya buibui.

"Nimeshindwa mbio," akasema Ghanim.

"Niliona mikono yako ilipokuwa."

"Basi nikileta wazee wangu kwa baba yako..."

"Mwulize yeye kwanza."

Ghanim akageuka. Abdulla alikuwa bado amesimama majini, na honi inalia chini, inazidi kufifia. Akamtazama dada yake. Akamtazama Ghanim. Akayatazama maji, muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Honi ikakatika. Abdulla akauinua upondo.