Kihispania cha Mke wa Picha

"Shule ngapi utaonja weye? Shule ni supu?"

Arlène alisimama mbele ya geti la chuma, kitenge kakifunga kifuani, ufunguo unaning'inia shingoni kwa kamba. Murielle alikuwa ameshavaa viatu na mkoba uko begani.

"Yaya Arlène, hii ni ya mwisho. Nakuapia."

"Ya mwisho ulisema juma lililopita. Ile ya mtaa wa Observatory, yenye mbwa."

"Ile Ruphin mwenyewe alikataa. Alisema mwalimu ni mwanaume."

"Na ya kwanza je?"

"Ya kwanza walikuwa wanafundisha Kireno, yaya!"

Hapo Arlène alicheka, ingawa hakutaka. Shule ya kwanza aliichagua Damien, mume wake. Rosettenville, mtaa wao wa Johannesburg, ina Wareno wengi, na Damien, aliyeshona suti mtaani hapo miaka nenda rudi, aliamini kabisa kwamba Kireno na Kihispania ni kitu kimoja, kama Kiswahili cha Uvira na cha Bukavu. Akampeleka Murielle kwa bibi mmoja wa Kireno, juu ya duka la kuku wa kuchoma. Maskini alisoma kwa bidii karibu mwezi mzima, mpaka siku bibi alipomuuliza anasafiri lini kwenda Lisbon.

Tuelewane hapa. Kwao yaya ni mkubwa wako, awe dada au kaka. Murielle alikuwa mke wa picha. Kule Uvira, Kongo, mumewe Ruphin hakufika kwenye mahari yake mwenyewe. Yuko Uhispania, walisema, mji wa Valencia, hati zake bado hazijakamilika. Damien, kaka yake Ruphin, ndiye aliyetoka Johannesburg, akakaa kwenye kiti cha bwana harusi huku amepakata picha yenye fremu. Wazee wakaikubali picha. Mama yake Ruphin akaipigia vigelegele ile picha. Kisha Murielle akaletwa Johannesburg apite tu, ajifunze lugha ya mumewe wakati anasubiri viza.

Kupita huko kukageuka kukaa. Mke wa mtu aliye Ulaya haruhusiwi kuzurura, ndivyo Damien alivyoamua, na ufunguo ukahamia shingoni kwa Arlène. Kitu kimoja tu kilifungua lile geti, nacho ni Kihispania. Ndiyo maana Murielle alizionja shule. Akichagua moja, masomo yataanza, yataisha, naye atapandishwa ndege kwenda kwa mtu ambaye hajawahi kumshika hata mkono. Asipochagua, atabaki ndani akichambua sombe, majani ya muhogo. Alihisi kubanwa mbele na nyuma, na alikuwa anaogopa.

Damien akatoka chumbani, funguo za gari mkononi.

"Leo unachagua, Murielle. Kesho pasta anakuombea safari mbele ya kanisa lote. Nimeshasema."

"Umeshasema kabla sijachagua, yaya?"

"Ingia kwenye gari."

Shule ya Braamfontein ilikuwa ghorofani, chini wanafunzi wa chuo wanapiga kelele na mabasi ya jiji yanapita. Mwalimu aliitwa Carmel, mama wa Bujumbura aliyeishi ujana wake wote Malabo, Guinea ya Ikweta, ambako Kihispania ni lugha ya sokoni. Hakuanza na vitenzi. Alimsogeza Murielle dirishani.

"Niambie unaona nini."

Murielle akahangaika. Akapata neno la basi, akapata la mti, akapata la mwanamke. Alipomaliza alikuwa anatabasamu peke yake kama mwehu. Hakukumbuka lini mara ya mwisho mtu alimuuliza anaona nini.

"Kuna unayemjua anayeishi kwa lugha hii?" Carmel aliuliza.

"Mume wangu. Yuko Valencia."

"Basi mpigie. Muulize hilo hilo, anaona nini dirishani. Swali dogo tu, ila masikio yatazoea."

Kwenye gari alimwandikia Ruphin ujumbe.

"Nimepata shule. Braamfontein, mwalimu ni mama. Naanza Jumatatu."

Jibu likaja upesi.

"Hapana chérie. Braamfontein kuna vijana wengi. Tafuta ingine."

"Ipi sasa?"

"Ingine tu. Hakuna haraka."

Damien alisimama kwenye taa za robot. Taa ilikuwa nyekundu, na Murielle aliyarudia yale maneno mawili mpaka ikawa kijani. Hakuna haraka. Mwanaume anamsubiri mke wake Ulaya, halafu hana haraka! Siku zote alidhani ni yeye peke yake anayevuta muda.

Jioni, vyombo vya chakula bado viko mezani, alijifungia chumbani akapiga simu.

"Chérie! Hapa Ulaya baridi imeanza..."

"¿Qué ves por la ventana?"

Ruphin alikohoa.

"Allô? Réseau ni mbaya, sikusikii."

"Réseau ni nzuri. Nimekuuliza kwa Kihispania, unaona nini dirishani? Nijibu."

"Ah, chérie, hiyo lugha naiongea kutwa nzima kazini. Tuongee yetu."

"Neno moja tu, Ruphin. Niambie mti. Niambie gari."

Kabla Ruphin hajajibu, ikaingia sauti ya adhana. Murielle alikuwa ameshaisikia kwenye simu zake mara nyingi. Ruphin alisema ni simu ya jirani Mwarabu. Lakini leo ilianza moja, ikafuata ya pili kwa mbali, ikafuata ya tatu.

"Simu ya jirani yako inaadhini," Murielle alisema taratibu, "na ya jirani wa jirani, na ya mji mzima?"

"Murielle..."

"Uko wapi?"



"Tanja."

"Tanja ni mtaa wa Valencia?"

"Ni Maroko."

Murielle akakaa kitandani. 

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotoka nyumbani. Sijawahi kuvuka. Nilijaribu, wakanirudisha, nikajaribu tena." Sauti yake ilikuwa imebadilika, ile ya kujidai imemtoka. "Umeuliza naona nini. Naona Espanya. Hali ya hewa ikiwa nzuri inaonekana, ng'ambo ya maji. Nafua mashuka ya hoteli, nayaanika juu ya paa, naitazama. Kila siku naitazama."

"Na zile picha za maduka yenye maandishi ya Kihispania?"

"Hata hapa yapo. Ya zamani."

"Kwa nini ulinioa, wewe mtu?"

"Mama alikuwa analia. Watu wanamsema, mtoto yuko Ulaya na hana bibi. Nikasema ndiyo ili wanyamaze. Halafu wakanitumia video ya mahari, nikakuona umekaa karibu na picha yangu. Wote wanacheka, weye umenuna."

"Nilinuna kweli."

"Weye peke yako ndiye ulikuwa unaangalia ile picha kama uongo. Nikakupenda pale pale."

"Ukanipenda, ukanifungia."

"Ndiyo. Shule nilizikataa ili usimalize. Ungemaliza, wangeniuliza tiketi iko wapi."

"Na mimi nilizionja zote ili nisimalize. Nisije kwako."

 Kisha Ruphin akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Murielle aliapa hatacheka naye, akacheka, halafu machozi yakamtoka. Alimchukia kwa uongo wake, na hapo hapo akagundua kwamba ni mara ya kwanza anazungumza na mumewe.

"Kesho yaya Damien anasimama kanisani," akasema akijifuta. "Mimi sitasema kitu. Utasema weye, kwa mdomo wako."

"Ataniua."

"Mimi niko ndani ya geti, Ruphin, weye uko juu ya paa. Mmoja wetu lazima aanze kutoka."

Asubuhi Damien alikuwa ameshavaa suti yake ya kijivu, ile ya kutangazia mambo makubwa. Murielle akaweka simu mezani, kati ya mkate na birika la chai, akafungua spika.

"Yaya," sauti ya Ruphin ilisema, "usiende kutangaza. Sijawahi kufika Espanya. Niko Maroko. Nilikudanganya."

Kikombe cha Damien kilibaki hewani.

"Unasema nini?"

"Nilikudanganya, yaya. Weye na mama na wazee wote."

"Nilishika picha yako! Mbele ya wazee, mapajani mwangu, kama mtoto!" Damien alisimama, kiti kikaanguka. "Kanisa lote wananiita kaka wa Espanya! Murielle, ulijua?"

"Tangu jana."

Damien akazunguka meza, akarudi alipotoka. Alipopata maneno, yalikuwa yale yale ya zamani.

"Bon. Utamngoja. Maroko si mbali na Espanya. Uko bibi yake, mahari ilishatoka."

Murielle alimwogopa shemeji yake. Hata hivyo akasema.

"Yaya, nakuheshimu. Lakini mahari ilitolewa na mtu wa Espanya, na huyo mtu hayupo. Mimi niliolewa na fremu." Akaiinamia simu. "Ruphin, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Ukinitaka, sitaki picha tena. Sitaki simu. Uje mwenyewe, usimame hapo getini, useme jina lako na unakotoka. Nitaamua siku hiyo. Naweza kukataa."

"Nitakuja."

"Sijakuahidi kitu."

"Najua. Nitakuja tu."

Damien akageukia mlango. "Arlène! Huyu hatoki humu mpaka niongee na wazee!"

Arlène alikuwa anapaka mkate siagi. Akaweka kisu chini, akaivua ile kamba shingoni, akausukuma ufunguo hadi mbele ya Murielle.

"Arlène, una wazimu?"

"Nimechoka, Damien. Siwezi kulinda bibi ya mtu ambaye hayuko. Kunywa chai yako."

Jumatatu Murielle alipanda basi peke yake hadi Braamfontein. Alimsimulia Carmel yote, naye akashangaa kwamba bado anataka kusoma.

"Sasa Kihispania ni cha nini?"

"Ni shule ya kwanza niliyoichagua mimi, mwalimu. Hebu nimalize kitu changu kimoja."

Tangu hapo asubuhi alikuwa darasani, mchana akisuka wateja nywele kwenye saluni ya Arlène. Simu za Tanja ziliendelea, fupi, hazina chérie na mapenzi mengi. Ruphin alisimulia mashuka, kisha, alipokuwa amesharudi Uvira, safari yenyewe na aibu ya kumtazama mama yake machoni. Halafu zikaja jumbe za barabarani, Zambia, Zimbabwe, kisha simu ikazimika.

Asubuhi moja ya baridi Arlène aliita kutoka uani.

"Murielle! Kuna mtu hapa!"

Nje ya geti alisimama mwanaume mwembamba mwenye begi moja, mikono imebabuka kwa sabuni. Hakufanana na ile picha. Murielle alimpendelea huyu, ila hakumwonyesha.

"Unatafuta nani?"

"Murielle."

"Jina lako?"

"Ruphin. Natoka Tanja. Kabla ya Tanja, Uvira. Espanya sikufika."

Murielle alimtazama kupitia nondo za geti mpaka mwanaume wa watu akainamisha macho. Kisha akatoa ufunguo wake mfukoni, akafungua, akatoka.

"Nina darasa, nachelewa basi. Utanisindikiza hadi kituoni."

"Na jibu langu?"

"Kwanza nipe langu weye. Uko unadaiwa jibu tangu siku ile. Unaona nini?"

Wakaanza kutembea, begi linamgonga Ruphin mguuni. Akaangalia huku na huku, halafu nyuma, na midomo yake ikahangaika kutafuta neno kwa lugha ya nchi ambayo hakuwahi kuifikia. Akashindwa, akatumia ya kwao.

"Naona geti. Uliliacha wazi."

Na Johannesburg mtu haachi geti wazi hata akiwa anaungua. Nyuma yao Arlène alikuwa tayari anapiga kelele barabara nzima:

"Eish, geti! Jamani, nani atafunga hili geti?"

Murielle akamshika Ruphin mkono kwa mara ya kwanza, akaongeza mwendo.